Swali la tumbo kwenye kliniki ya macho

Mtoto wa miaka tisa anapoletwa kliniki ya macho na weupe katikati ya mboni, mama yake huulizwa maswali ambayo muuguzi wa macho anayajua hata akiamshwa usiku wa manane. Wakati wa ujauzito ulipata homa na vipele? Mtoto amewahi kuumia jicho? Kwenye ukoo, upande wako au wa baba yake, yupo aliyepata mtoto wa jicho akiwa bado mdogo? Kila swali lina sababu yake: rubela, majeraha, kurithi. Yakiisha tunapima, tunapanga siku ya upasuaji, tunaeleza kuhusu miwani na tarehe za kurudi. Swali ambalo sijawahi kuliona kwenye fomu yoyote niliyojaza ni la tumbo. Choo cha mtoto huyu kikoje, na kimekuwa hivyo tangu lini?

Naandika kwa sababu ya swali hilo. Kuna ugonjwa wa kurithi, adimu, ambao mara nyingi huanzia tumboni, ukapita machoni, ukatokea kwenye visigino, na mwisho ukaingia kwenye ubongo. Unaitwa zanthomatosi ya ubongo na kano, na madaktari duniani wanaufupisha CTX. Una dawa. Ni vidonge vya kumeza, na mtu akivianza mapema anaweza kubaki na akili zake na miguu yake. Akivianza kwa kuchelewa vinasaidia yasizidi, lakini mengi yaliyokwisha kuharibika hayarudi. Wagonjwa walioandikwa kwenye majarida ya kitabibu waligunduliwa, kwa wastani, wakiwa na umri wa karibu miaka 35. Wengi wao walikuwa na dalili tangu utotoni.

Nilikutana na ugonjwa huu nikiandaa somo la wauguzi wapya kuhusu mtoto wa jicho kwa watoto. Ulikuwa mstari mmoja kwenye orodha ndefu ya sababu zisizo za kawaida, na pembeni yake palikuwa na neno "hutibika". Kwenye orodha ile neno hilo halikutokea mara nyingi. Tangu siku hiyo nimesoma kila kilichonifikia kuhusu CTX, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoamini kwamba sisi tunaomwona mtoto kwa ajili ya macho tuko mlangoni kabisa pa ugonjwa huu, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mwendo wake huwa hivi, ingawa si kila mgonjwa hupata yote. Mtoto mchanga anaweza kukaa na manjano kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida. Baadaye huja kuharisha kwa miaka, bila damu, bila wadudu kuonekana kwenye kipimo. Katika utoto au ujana, lenzi za macho yote mawili zinaanza kufifia. Shuleni mtoto anabaki nyuma, na mwalimu anasema ni mzito. Akiwa kijana au mtu mzima, uvimbe mgumu unajitokeza kwenye ile kano kubwa ya nyuma ya kisigino, pengine na kwenye goti, kiwiko au vidole vya mkono. Kisha linakuja la kutisha: miguu inakakamaa, mwendo unayumba, ulimi unakuwa mzito, wengine wanapata degedege, wengine wanabadilika tabia hadi nyumbani hawaelewi wanaishi na nani, na mwisho mtu wa miaka arobaini na kitu anahitaji kulishwa na kuogeshwa.

Sasa tazama vyumba vya hospitali. Kuharisha kuna chumba chake, macho yana jengo lake, uvimbe wa kisigino unakwenda kwa daktari wa mifupa ambaye anaweza kuukata ukaota tena, degedege linakwenda kliniki ya kifafa, na tabia zinakwenda kwa daktari wa akili. Kila chumba kinafanya kazi yake vizuri. Faili la chumba kimoja halisomwi kwenye kingine, na mgonjwa mwenyewe haoni sababu ya kumweleza daktari wa mifupa kwamba alipasuliwa macho akiwa darasa la nne.

Chanzo cha yote haya ni nyongo. Watu wengi wakisikia kolesteroli, au lehemu, wanafikiria nyama ya mafuta, moyo na kiharusi. Lakini ini linaitumia kolesteroli kama malighafi. Kila siku hubadilisha sehemu yake kuwa asidi za nyongo, zinazomiminwa utumbuni ili mafuta ya chakula yameng'enywe. Hiyo ni njia kubwa ya mwili kuondoa kolesteroli. Kazi hufanyika kwa hatua nyingi, na kila hatua ina kimeng'enya chake. Kimoja kati ya vimeng'enya hivyo hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni iitwayo CYP27A1, iliyoko kwenye kromosomu ya 2. Mtu aliyerithi nakala mbovu kwa baba na nakala mbovu kwa mama anakosa kimeng'enya hicho, na asidi moja muhimu ya nyongo, iitwayo kenodeoksikoliki, karibu haitengenezwi kabisa.

Asidi hiyo ina kazi ya pili: ndiyo inayolipa ini taarifa kwamba nyongo imetosha. Isipokuwepo, ini huendelea kusukuma kolesteroli kwenye njia iliyozibwa mbele, kama kibarua anayezidi kupakia lori kwa sababu msimamizi wa kusema "limejaa" hakufika kazini. Vitu vya katikati ya njia vinarundikana. Baadhi hutoka kwenye mkojo kama alkoholi za nyongo. Vingine hugeuka kuwa kolestanoli, ambayo inatofautiana na kolesteroli kwa atomu mbili tu za haidrojeni. Hiyo kolestanoli ndiyo inayokwenda kukaa kwenye kano na kwenye ubongo, hasa ile sehemu ya nyuma inayosimamia mwendo na usawa wa mwili. Na huko utumbuni, nyongo isiyo na mchanganyiko wake sahihi na zile alkoholi zinazomiminwa pamoja nayo ndizo zinazodhaniwa kumharisha mtoto.

Hapa pana mtego ambao ningependa kila daktari wa wilaya aujue. Kolesteroli ya kawaida kwenye damu ya mgonjwa wa CTX mara nyingi iko sawa, au iko chini. Ukiagiza kipimo cha mafuta ya damu, majibu yatarudi mazuri na utamruhusu aende nyumbani. Upo ugonjwa mwingine wa kurithi, wenye kolesteroli iliyopanda sana, ambao nao huweka uvimbe kwenye kano ya kisigino, na huo kipimo hicho hicho cha damu huufichua. Huu wetu hapana. Uvimbe wa kisigino kwa kijana mwenye kolesteroli ya kawaida ni sababu ya kuendelea kutafuta, na akiwa aliwahi kutolewa mtoto wa jicho, ni sababu ya kutafuta leo.

Historia yake nitaipitia haraka. Mwaka 1937 daktari wa neva wa Ubelgiji, Ludo van Bogaert, na wenzake Scherer na Epstein walichapisha maelezo marefu ya kwanza. Mwaka 1968 watafiti wa Marekani wakakuta kolestanoli kwenye ubongo wa wagonjwa. Mwaka 1971 Gerald Salen akaonyesha kwamba nyongo yao ina upungufu mkubwa wa asidi ya kenodeoksikoliki. Kimeng'enya chenyewe kilitajwa mwaka 1980 na watafiti wa Norway na Sweden, na mabadiliko ya jeni yakaonyeshwa mwaka 1991 na maabara ya Dallas, Texas. Kwangu mimi hatua kubwa ni ile ya 1971. Ukishajua mtu anakosa kitu gani, unaweza kumpa kitu hicho.

Na kitu hicho kilikuwepo. Miaka hiyo ya sabini asidi ya kenodeoksikoliki ilikuwa dawa ya kuyeyusha mawe kwenye mfuko wa nyongo. Mwaka 1984 Vladimir Berginer, aliyefanya kazi Beersheba nchini Israel, pamoja na Salen na Sarah Shefer, walichapisha matokeo ya wagonjwa 17 wa CTX waliomeza miligramu 750 kwa siku kwa mwaka mmoja au zaidi. Kolestanoli kwenye damu ilishuka. Wengi wa wale ambao akili ilikuwa imefifia walipata nafuu, na wengi waliokuwa wakiyumba wakaanza kutembea vizuri zaidi. Israel haikutajwa hapo kwa bahati: ugonjwa huu unaonekana zaidi kwa Wayahudi wenye asili ya Morocco na kwa Wadruze, na madaktari wa huko walikuwa na wagonjwa wa kutosha kujifunza kutoka kwao. Tafiti za baadaye za Israel na Uholanzi zimeonyesha jambo moja: walioanza dawa kabla ya kufika katikati ya miaka yao ya ishirini wanafanya vizuri zaidi, kwa mbali, kuliko walioanza baada ya hapo.

Kilichofuata kuhusu dawa hiyo kinanikasirisha, na sitakificha. Mawe ya nyongo yalipopata upasuaji bora, soko la vidonge hivyo likafifia. Waliobaki kuvihitaji ni wagonjwa wachache wa CTX, ambao kwao dawa si ya miezi michache bali ya maisha yote. Nchini Uholanzi, ambako kuna wagonjwa kama 60, pakiti ya vidonge 100 mwaka 2008 ilikuwa chini ya yuro 50. Kampuni iliyokuja kuitwa Leadiant iliinunua dawa, ikapandisha bei mara kadhaa, ikaisajili upya barani Ulaya kama dawa ya ugonjwa adimu, jambo linaloipa haki ya kuuza peke yake kwa miaka kumi, na mwaka 2017 pakiti ileile ya vidonge 100 ikafika yuro 14,000. Kwa mgonjwa anayemeza vidonge vitatu kwa siku, hiyo ni zaidi ya yuro 150,000 kwa mwaka. Kiini cha dawa hakikubadilika. Matumizi yake kwa CTX hayakugunduliwa na kampuni hiyo; yalikwisha kuchapishwa tangu 1984.

Mwaka 2018 duka la dawa la hospitali ya chuo kikuu cha Amsterdam liliamua kuvitengeneza vidonge lenyewe kwa wagonjwa wake. Ukaguzi ukakuta malighafi haijatimiza viwango vya usafi, kazi ikasimamishwa, wakatafuta malighafi bora, na mwaka 2020 wakaanza tena. Mwaka 2021 mamlaka ya ushindani ya Uholanzi iliipiga Leadiant faini ya karibu yuro milioni 20 kwa kutoza bei isiyo ya haki. Mwaka 2022 Italia na Hispania nazo zikatoa faini zao. Nawapenda wafamasia wale wa Amsterdam ambao sijawahi kuwaona. Walikuwa na vifaa, walikuwa na ujuzi, na wagonjwa walikuwa mbele yao, wakafanya. Marekani, kwa upande wake, iliidhinisha rasmi dawa hiyo kwa CTX mwezi Februari 2025, miaka zaidi ya arobaini baada ya wale wagonjwa 17.

Msomaji wa Dodoma, Kisumu au Bujumbura atauliza haya yanamhusu vipi. Mwaka 2015 watafiti walitumia hazina kubwa ya taarifa za jeni kukadiria ni watu wangapi wanazaliwa na CTX. Kwa watu wenye asili ya Afrika makadirio yalikuwa mtu mmoja kati ya 263,000 na 469,000 hivi. Kwa watu wa asili ya Asia ya Kusini, mmoja kati ya 36,000 na 76,000, kiwango cha juu kuliko makundi yote waliyoyapima. Chukua makadirio ya chini kabisa ya Afrika uyagawe kwenye watu milioni 61.7 waliohesabiwa Tanzania kwenye sensa ya 2022: unapata watu 130 hivi. Chukua ya juu, unapata zaidi ya 230. Ni makadirio yaliyotokana na jeni, wala hayakuhesabu wagonjwa, na hatari yake ni kuyashika kama hesabu ya duka. Lakini hata ukiyapunguza nusu, bado wapo. Na kwenye familia zetu za Pwani na za Ghuba zenye asili ya Bara Hindi, nafasi ni kubwa zaidi.

Sijawahi kukutana na mgonjwa wa CTX aliyethibitishwa katika kazi yangu. Watoto wenye mtoto wa jicho nimekutana nao wengi, na hapa ndipo suala la kuharisha linapokuwa gumu kwetu kuliko Amsterdam. Kule mtoto anayeharisha miaka mitatu mfululizo ni habari. Kwetu si habari. Tumezoea maji, tumezoea minyoo, tumezoea ORS na zinki, na mama amezoea kuambiwa ni meno yanaota. Ndiyo maana hata ukiuliza, jibu linaweza kukupita. Nimejifunza kuuliza kwa njia nyingine, na mazungumzo huwa kama haya:

"Mama, mtoto anaharisha?"

"Hapana, sista, haharishi."

"Choo chake kikoje siku za kawaida?"

"Ni laini tu. Anaenda mara tatu, mara nne kwa siku. Ndiyo tumbo lake tangu mdogo, tumeshamzoea."

Mama huyu hasemi uongo. Kwake kuharisha ni kitu kinachokuja kikaondoka, kinachomlegeza mtoto na kumpeleka zahanati. Kinachokaa miaka sita si kuharisha, ni tumbo la mtoto lilivyo. Kwa hiyo usiulize kama anaharisha. Uliza anaenda mara ngapi, choo kina umbo au hakina, ilianza lini, shuleni huomba ruhusa mara ngapi, na kama ndugu zake wako hivyohivyo. Ni dakika moja. Wengi wa watoto watakaojibu ndiyo watakuwa na jambo jingine kabisa, amiba, giardia, virusi vya Ukimwi, chakula kisichowafaa, na kulijua hilo nalo ni faida kabla ya kumlaza mtoto kwa upasuaji.

Upasuaji wenyewe haupaswi kusubiri majibu. Watoto wanaofikishwa KCMC Moshi, CCBRT Dar es Salaam au Kikuyu na Sabatia kule Kenya wanahitaji kuona sasa, maana jicho la mtoto lisilopata mwanga linasahau kazi yake. Ninachoomba ni kwamba barua ya rufaa, au ile karatasi ya kuruhusiwa, iandikwe mstari mmoja: mtoto wa jicho macho yote mawili, kuharisha kwa muda mrefu, fikiria CTX. Daktari wa watoto akiuona mstari huo atajua pa kuanzia. Kipimo cha kuthibitisha ni kolestanoli kwenye damu, ambacho maabara zetu za kawaida hazifanyi, au alkoholi za nyongo kwenye mkojo, au kuisoma jeni ya CYP27A1. Sampuli ya jeni husafiri vizuri, na maabara za nje huipokea. Watafiti wa Marekani na Uholanzi wameonyesha kwamba hata tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi, lile la kuchoma kisigino cha mtoto mchanga, linatosha kuonyesha dalili za ugonjwa.

Neno kuhusu dawa za dukani, kwa sababu najua watu watatafuta. Kuna dawa inayofanana jina, asidi ya ursodeoksikoliki, ambayo maduka mengi ya dawa wanayo kwa ajili ya ini na mawe ya nyongo. Hiyo haitibu CTX. Dawa za kushusha kolesteroli hazichukui nafasi ya ile inayokosekana, na kuacha nyama na mayai hakutafungua njia iliyozibwa ndani ya ini. Kenodeoksikoliki yenyewe inahitaji daktari wa kuangalia ini la mgonjwa, hasa kwa watoto wadogo, ambao dozi yao hupangwa kwa uzito.

Kwenye familia, ugonjwa huu huja na lawama, na lawama kwetu humfuata mama. Mtoto aliyeanza na macho, akafuata kisigino, akaishia kuyumba na kusema maneno yasiyoeleweka, lazima atatafutiwa mchawi, na mchawi hutafutwa karibu. Ukweli ni kwamba baba na mama wote wawili wamebeba nakala moja mbovu bila kujua, wakiwa wazima kabisa, na nakala hizo waliachiwa na wazee wao. Kila mimba, ya kwanza na ya sita, ina nafasi moja kati ya nne ya kukutanisha nakala mbili mbovu. Ndoa za binamu, ambazo Pwani, Oman na kwingineko ni heshima ya ukoo, huongeza nafasi ya watu wawili wenye nakala ileile kukutana. Hilo lisemwe kwa adabu na kwa uwazi, mbele ya baba na mama wakiwa wamekaa pamoja, ili asiondoke mmoja na mzigo wote.

Na mgonjwa mmoja akishathibitishwa, kazi inayofuata ni ndugu zake. Kaka wa miaka 28 anayeyumba atapewa dawa na pengine atatulia hapo alipo. Mdogo wake wa miaka sita, ambaye macho yake bado ni safi na ambaye nyumbani wanamjua tu kwa tumbo lake laini, ndiye mwenye mengi zaidi ya kuokoa, na hakuna atakayemleta hospitali kwa sababu haumwi. Aitwe. Waitwe wote wa tumbo moja, wenye dalili na wasio nazo, damu yao ichukuliwe siku moja, na majibu yao yasubiriwe kwa uzito uleule wa majibu ya kaka yao.